Simba wa Kuhnert na Pori Lililokuwa na Wenyewe

Kwa karne nyingi wachoraji wa Ulaya walimchora simba bila kumwona akiwa kwao. Eugène Delacroix, aliyesifiwa Ufaransa nzima kwa simba wake, alikwenda kuwatazama katika bustani ya wanyama ya Paris. Wengine walinakili sanamu za mawe, au ngozi zilizojazwa majani makavu na kushonwa na fundi ambaye naye hakuwahi kumwona mnyama akiwa hai. Simba wa namna hiyo alikuwa na uso wa binadamu mwenye hasira, na nyuma yake palikuwa na miamba na mawingu ambayo yangeweza kuwa ya nchi yoyote.

Wilhelm Kuhnert alianzia hapo hapo. Alizaliwa Septemba 1865 huko Oppeln, katika jimbo la Silesia, mji ambao leo uko Poland na unaitwa Opole. Mwaka 1883 aliingia Chuo cha Sanaa cha Kifalme mjini Berlin, akasoma mpaka 1887. Mmoja wa walimu wake alikuwa Paul Meyerheim, bingwa wa kuchora wanyama, na darasa lao kubwa lilikuwa bustani ya wanyama ya Berlin, iliyofunguliwa mwaka 1844. Mwanafunzi alisimama mbele ya kizimba na penseli yake, akisubiri simba ageuze shingo.

Kizimba kinafundisha mengi. Kinaonyesha jinsi bega linavyopanda mnyama anapokanyaga, na jinsi ngozi inavyokunjamana ubavuni anapolala. Lakini kinadanganya pia. Simba anayekulia kwenye baridi huota manyoya mazito ya shingo, na kwa kuwa hapiti kwenye miiba, manyoya hayo hubaki kamili. Simba wa nyanda zetu za joto ana manyoya haba, mara nyingi yamechanika, na wengine karibu hawana kabisa. Zaidi ya hayo, mnyama wa kizimbani hana mahali. Hakuna nyasi zinazomficha wala upepo unaomletea harufu, na hakuna umbali wa kumfanya akaze macho. Kuhnert aliona kasoro hiyo mapema, na mwaka 1891, akiwa na umri wa miaka 25, alianza safari ya kwenda Afrika ya Mashariki ya Wajerumani, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Tanzania bara.

Tuutazame vizuri mwaka huo. Tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani ilikuwa imechukua rasmi utawala wa koloni kutoka kwa kampuni iliyoianzisha. Abushiri bin Salim wa Pangani, aliyewapinga Wajerumani, alikuwa amenyongwa mwaka mmoja tu kabla yake, Desemba 1889. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe wa Mkwawa walikiangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Zelewski pale Lugalo. Na juu ya vita hivyo ulishuka msiba mwingine ulioua zaidi: sotoka. Ugonjwa huo ulishuka kutoka kaskazini, ukafagia ng'ombe wa wafugaji, ukaua nyati na wanyama wengine wa porini wenye kwato. Wamaasai walikufa kwa njaa kwa idadi ambayo hakuna aliyeihesabu. Mtafiti Oscar Baumann, aliyeingia bonde la Ngorongoro mwezi Machi 1892, alikuta watu waliobaki mifupa wakiomba chakula penye maboma yao.

Kuhnert aliifikia nchi ikiwa katika hali hiyo. Natamani kila anayetazama picha zake za mwanzo alijue jambo hili, kwa sababu wazo la nyika pana iliyotulia, isiyo na moshi wala mfugo, lilipata nguvu Ulaya katika miaka ile ile ambayo wenye nyika walikuwa wanazikana.

Safari yenyewe ilikuwa ya miguu. Misafara ya wakati ule ilibebwa na wapagazi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani au kichwani. Kwa mchoraji, mizigo hiyo ilikuwa na vitu ambavyo msafara wa kawaida wa biashara haukuwa navyo: visanduku vya rangi za mafuta, mbao nyembamba za kuchorea, turubai zilizokunjwa, chupa za mafuta ya kulainishia rangi, na brashi ambazo mchwa angeweza kuzimaliza kwa usiku mmoja. Bila mabega ya wapagazi hakuna hata picha moja iliyofika Berlin. Majina yao hayajulikani kwa watazamaji wa picha hizo, nami nasema wazi kwamba jambo hilo linaniuma, maana wao ndio waliojua maji yako wapi na tembo amepita lini.

Aliyewahi kuchora kwa rangi za mafuta nje, juani, anajua taabu yake. Rangi huwa laini kupita kiasi, vumbi hunata, wadudu huangukia kwenye picha mbichi na kukauka humo humo. Jua letu halisubiri. Ulaya ya kaskazini machweo huchukua muda mrefu, mchoraji akapata nafasi ya kuchanganya rangi na kuifuta akianza upya. Karibu na ikweta, jua linazama kwa haraka, na rangi ya majani saa kumi na mbili kasorobo si ile ya saa kumi na mbili na robo. Kuhnert alijifunza kuchora michoro midogo kwa kasi, ubao mmoja kwa mwanga mmoja: mti, kingo za mto, nyasi zilizolala. Michoro hiyo alirudi nayo nyumbani, na ndani ya studio yake akaitumia kutengeneza picha kubwa kwa miezi mingi.

Wanyama aliwapata kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuwatazama kwa mbali, kwa subira. Ya pili ilikuwa bunduki. Kuhnert alikuwa mwindaji, kama karibu wote wa fani yake wakati huo, na mnyama aliyeanguka alichorwa na kupimwa kabla joto halijamharibu: unene wa shingo, mkunjo wa kwato, rangi ya ndani ya sikio. Msomaji wa leo anaweza kuchukia. Mimi pia sipendi. Lakini maarifa hayo ndiyo yaliyowapa simba wake uzito ambao simba wa wenzake hawakuwa nao. Wakati huo huo Mjerumani mwingine, Carl Georg Schillings, alikuwa akipiga picha za wanyama usiku kwa mwanga wa ghafla, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1905 kilishangaza watu. Kamera ya Schillings ilimnasa mnyama akiwa ameshtuka. Brashi ya Kuhnert ilimwonyesha mnyama ambaye hajui kwamba anatazamwa, na hiyo ni kazi ngumu zaidi.

Ubora wake unaonekana zaidi katika uhusiano wa mnyama na ardhi. Chukua picha zake za simba katika nyasi kavu. Rangi ya mnyama na rangi ya nyasi zimetoka karibu kwenye mchanganyiko mmoja: manjano iliyofifia, kahawia, kijivu kidogo chini ya tumbo. Jicho la mtazamaji linaanza kuona nyasi, kisha linagundua mstari wa mgongo, kisha uso. Ndivyo anavyoonekana simba kwa kweli, na muongoza watalii yeyote wa Mikumi au Ruaha atakwambia kwamba mgeni hutazama kichaka kizima bila kumwona mnyama aliye mbele yake. Kuhnert aliacha mtindo wa kumpandisha simba juu ya mwamba kama mfalme wa maigizo. Wengi wa simba wake wanatembea tu, vichwa chini ya usawa wa mabega, kwa hatua ile ya simba mwenda pole. Katika picha za tembo pia, kundi linakuja kwa mwendo wake katika majani marefu, masikio yamefunguka nusu, na vumbi limewabadilisha rangi kufuata udongo wa mahali pale.

Wenzake walimpa jina la Kuhnert wa Simba. Leo wanahistoria wa sanaa humweka pamoja na Richard Friese, Carl Rungius na Msweden Bruno Liljefors, mabingwa wanne wa uchoraji wa wanyama wa kizazi kile, na Makumbusho ya Twenthe katika mji wa Enschede, Uholanzi, yamewaonyesha wote wanne pamoja. Liljefors huenda alikuwa mchoraji mkubwa zaidi kwa maana ya sanaa tupu. Theluji yake na bata wake wana uhai wa ajabu. Ila kwa wanyama wa Afrika hakuna aliyemkaribia Kuhnert.

Picha zake zilifika mbali kuliko kuta za matajiri. Mwaka 1901 alitoa, pamoja na mwanazuolojia Wilhelm Haacke, juzuu tatu za kitabu kikubwa kuhusu maisha ya wanyama wa dunia. Alichora pia kwa ajili ya kamusi ya wanyama ya Brehm, kitabu ambacho familia nyingi za Kijerumani zilikuwa nacho nyumbani. Michoro yake ilitundikwa madarasani, na kampuni ya chokoleti ya Stollwerck ilichapisha kadi zenye wanyama wake, watoto wakazikusanya na kubadilishana. Mtoto wa Köln au Leipzig ambaye hangefika Afrika maisha yake yote alikua akiijua Afrika ya Kuhnert: twiga, pundamilia, nyati matopeni, simba katika nyasi. Watu hawakuwamo, au walikuwa wachache sana.

Haina maana kwamba Kuhnert hakuwaona watu. Aliishi nao safarini. Lakini kilichouzwa kilikuwa wanyama na mandhari, na soko likafundisha jicho. Tena mandhari yenyewe ilikuwa na mkono wa binadamu kila mahali. Nyika nyingi za wazi alizozichora zilibaki wazi kwa sababu wafugaji na wakulima walizichoma moto kila kiangazi, ng'ombe wakala machipukizi, na vichaka havikupata nafasi ya kufunga. Katika nchi ya miombo, uwanda wenye majani laini unaowavutia pofu na kongoni mara nyingi ni shamba lililoachwa lipumzike. Mchoraji aliyejua kutofautisha nyasi za Januari na za Agosti alikuwa anachora, bila kulisema, kazi ya wakulima na wachungaji.

Mwaka 1905 Kuhnert alirudi Afrika ya Mashariki. Safari hii historia ilimkuta usoni.

Chini ya Gavana von Götzen, tangu mwaka 1902, watu wa kusini na mashariki mwa koloni walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja kwa malipo ambayo hayakutosha kitu. Kodi ilikuwa inadaiwa. Sheria za uwindaji zilizotolewa na Gavana von Wissmann mwaka 1896 zilimtaka mtu alipie kibali ili awinde, huku nguruwe na ngedere wakimaliza mazao shambani. Huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alikuwa akigawa maji ya dawa na kuwaunganisha watu wa makabila mbalimbali. Mwezi Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini vita vilikuwa vimekwisha kutoka mikononi mwa mtu mmoja, vikaenea mpaka Kilwa, Liwale, Kilombero na Ungoni.

Tarehe 30 Agosti 1905, maelfu ya Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Wajerumani la Mahenge. Walikwenda uwanja wazi wakielekea bunduki za mtombo, wakiamini kwamba risasi zitageuka maji. Walianguka kwa mamia. Waliobaki walilizingira boma kwa wiki kadhaa, mpaka msaada wa askari ulipofika kutoka Iringa.

Kuhnert alivichora vita hivyo vya Mahenge. Picha yake, ya miaka michache baadaye, ni miongoni mwa chache kabisa za rangi za mafuta zinazoonyesha vita hivyo, vinavyoitwa vita vya Maji Maji, na ndiyo maana vitabu vingi vya historia vinaitumia hadi leo. Ni kazi ya mtu aliyekuwa upande wa boma, raia wa dola iliyokuwa ikipiga risasi. Mchoraji ambaye kwa miaka mingi aliwaacha watu nje ya picha aliwaingiza hatimaye, wakiwa wanakimbilia kufa. Sijui hukumu nzito zaidi ya hiyo juu ya kazi ya msanii, na kwa Kuhnert imetolewa na mkono wake mwenyewe.

Yaliyofuata vita hayakuchorwa. Jeshi liliamua kuwashinda watu kwa njaa: maghala yalichomwa, mashamba yakaharibiwa, mbegu zikachukuliwa. Huko Songea, tarehe 27 Februari 1906, viongozi wa Wangoni walinyongwa kwa pamoja. Takwimu za Wajerumani wenyewe zilitaja vifo 75,000. Mwanahistoria wetu Gilbert Gwassa aliviweka kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi yaliyofuata. Vijiji vilikwisha. Palipokuwa na shamba, kichaka kilifunga. Kichaka kilileta mbung'o, mbung'o wakazuia ng'ombe wasirudi, na tembo wakachukua nafasi.

Mwanahistoria John Iliffe alilieleza jambo hili miaka mingi iliyopita, na bado halijaingia vichwani mwa wengi: sehemu kubwa ya pori la kusini-mashariki mwa Tanzania ilizaliwa na vita. Hifadhi za wanyama zilizoanzishwa na Wajerumani katika bonde la Rufiji zilipanuliwa na Waingereza, zikapewa jina la Frederick Selous, mwindaji aliyeuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917 akipigana na Wajerumani. Katika miaka ya 1930 na 1940 watu wa Liwale na jirani zake walihamishwa kwa maelfu, sababu iliyotolewa ikiwa ni malale, na pori likazidi kupanuka. Mwaka 1982 UNESCO ililiandika Selous kuwa urithi wa dunia. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Naipenda hifadhi hiyo na ningeilinda kwa nguvu zangu zote. Sidai kwamba tembo waondoke. Nadai kwamba mgeni anayeshuka kwenye lango la Mtemere na kuambiwa hapa ni mahali ambapo binadamu hajawahi kugusa, aambiwe kweli. Hapo palikuwa na minazi, mihogo na makaburi. Picha ya pori lisilo watu ilichorwa kwanza Ulaya. Risasi, njaa na amri za kuhama ndizo zilizoifanya nchi ifanane nayo.

Kusini mwa pori hilo hilo, wilayani Tunduru, alizaliwa mwaka 1932 mchoraji mwingine wa wanyama, Edward Saidi Tingatinga. Kwao ni nchi iliyopitiwa na Maji Maji. Alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, akafika Dar es Salaam, akafanya vibarua vingi, na mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuchora kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kopo zinazopakwa baiskeli. Chui wake ana madoa yaliyopangwa, ndege wake wana macho makubwa, na nyuma yao hakuna nyika wala umbali, ni rangi tupu inayowaka. Hakupima shingo ya mnyama yeyote. Alipigwa risasi na polisi kwa makosa mwaka 1972, akidhaniwa mhalifu, akiwa amechora kwa miaka michache tu, na wanafunzi wake wakaendeleza mtindo ambao sasa uko kwenye kila duka la vinyago kuanzia Mwenge mpaka Zanzibar. Kwa ustadi wa mkono, Kuhnert yuko mbali mbele yake. Lakini wanyama wa Tingatinga ni wale wa hadithi na mazungumzo ya kwao, wanaoishi pamoja na watu, na katika jambo hilo mtu wa Tunduru alikuwa mkweli kuliko mchoraji wa Berlin.

Kuhnert aliendelea kufanya kazi baada ya Maji Maji. Alifika pia India na Ceylon, akatoa kitabu cha kumbukumbu za safari zake mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1925 michoro yake ya bamba la shaba ikakusanywa katika kitabu kimoja. Alifariki Flims, Uswisi, tarehe 11 Februari 1926. Ujerumani ilikuwa imeshapoteza koloni zake, lakini simba wake walibaki madarasani kwa miaka mingi. Kuanzia Oktoba 2018 hadi Januari 2019 jumba la Schirn mjini Frankfurt lilifanya maonyesho makubwa ya kazi zake, na waandaaji wake hawakuuficha ukoloni. Kazi zake nyingine ziko katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Wanyamapori huko Jackson, Wyoming, Marekani.

Ni wakati picha hizo zije zilikochorwa. Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam na Makumbusho ya Maji Maji ya Songea yaombe kuziazima, na kama bima itakuwa kubwa mno, ziletwe nakala bora za ukubwa kamili, ile ya Mahenge ikiwa ya kwanza. Zitundikwe pamoja na ramani ya vijiji vilivyokuwapo. Na wewe msomaji mwenye bibi au babu aliyetoka Liwale, Mahenge au Kilombero, muulize kijiji cha wazee wake kilikuwa wapi kabla ya kuhamishwa, kiliitwaje, na kililima nini. Yaandike, kwa sababu ramani hiyo haiwezi kuchorwa bila wewe.